Nyumba yako hapa, kiwanja chako kwenye kompyuta kiko kwa jirani



Wiki iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama mmoja jirani yangu hapa Bombambili alinigongea mlango. Mkononi ana kisimu chake cha tochi. Sijamaliza hata shikamoo akanipa simu. "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Ni macho yangu au nimeona kweli?"

Macho yake hayakuwa na kosa. Ujumbe ulisema anadaiwa kodi ya pango la ardhi, laki sita na themanini na ushee, malimbikizo ya miaka tisa, alipe asije akachukuliwa hatua. Mama huyu ni mjane. Marehemu mumewe aligawiwa kiwanja mwaka 1988, hati ipo, na yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Kila mwaka analipa. Risiti zote anazo kwenye bahasha ya kaki, nyingine wino umeshafutika umebaki ukungu. Na kiwanja chake ni cha makazi, hakiwezi kufikia deni la namna hiyo hata angekaa miaka ishirini bila kulipa.

Siku hiyo hakwenda shamba. Alikaa kwenye benchi langu akirudia neno moja: "Wataniuzia nyumba." Msimcheke. Kulipa pango la ardhi ni sharti la umiliki, na anayekaidi kwa muda mrefu sheria inaruhusu hatua ambazo mwisho wake ni kufutiwa milki. Kwa hiyo hofu ya mama ina msingi, ila deni ndilo halina msingi.

Mimi nilisoma upimaji pale Chuo cha Ardhi Morogoro, miaka mingi nimebeba kitako cha darubini na kupanda mawe ya mipaka. Sasa hivi nafanya shughuli zangu binafsi. Nilifuatilia jambo hili kwa siku nne, na nilichokuta nataka nikieleze hapa taratibu, maana najua si la mama huyu peke yake. Ofisi iliyohusika sitaitaja, na kijana niliyemkuta pale alinipokea vizuri mno kuliko nilivyotarajia.

VITABU VIWILI VISIVYOJUANA

Watu wengi wanadhani serikali ina kitabu kimoja kikubwa cha ardhi, unafungua ukurasa wa Bombambili unakuta kila kitu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kuna upande wa ramani na kuna upande wa majina.

Upande wa ramani unaanza na mchoro wa mipango miji, ambao ndio unaokipa kiwanja namba na kitalu chake. Halafu anakuja mpimaji, anapanda mawe, anapima, anachora ramani ya upimaji, na ramani hiyo inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kwenye ramani hiyo hakuna jina la mtu. Kuna namba za mawe, umbali, eneo, na orodha ya viwianishi, sisi mafundi tunaziita koodineti.

Upande wa majina ndiko kuna jalada, barua ya toleo, hati, na daftari la Msajili wa Hati. Huko nako hakuna mstari wowote wa mpaka unaoweza kuusoma kompyuta ikauelewa. Kuna jina, namba ya kiwanja, kitalu, mahali, matumizi, ukubwa na kiasi cha kodi. Kwa miaka mingi majalada yetu ya Ruvuma yalisajiliwa ofisi ya kanda kule Mtwara, mpaka mwaka 2020 zilipofunguliwa ofisi za ardhi za mikoa. Waliowahi kufuatilia hati Mtwara kabla ya lami ya Tunduru wanajua ninachosema.

Sasa kinachounganisha vitabu hivi viwili ni nini? Ni kale kasentensi tu: Kiwanja Namba fulani, Kitalu fulani, Bombambili. Basi. Na kasentensi hako kameandikwa na makarani tofauti, miaka tofauti, kwa mkono, kwa taipu, kwa Ekseli. Mmoja kaandika "Bombambili", mwingine "Bomba Mbili" kwa maneno mawili, mwingine kaandika Kitalu C, mwingine "Blok C", mwingine kaacha kitalu kabisa kwa sababu siku hiyo alikuwa na haraka. Binadamu akisoma anaelewa ni pale pale. Kompyuta haielewi. Kwake "Bombambili" na "Bomba Mbili" ni mbali kama Songea na Sumbawanga. Na ukiilazimisha itafute kwa namba ya kiwanja peke yake bila kitalu, itakuletea viwanja vitano vyenye namba moja na itachagua wa kwanza.

Hilo ni tatizo la kuunganisha kwa maandishi. Wajanja wakasema, basi tuunganishe kwa mahali. Tuchukue simu yenye GPS, twende kwenye nyumba, tubonyeze, tuandike jina la mwenye nyumba na namba yake ya simu. Halafu kompyuta iangalie, hii nukta imeangukia ndani ya kiwanja gani kwenye ramani? Huyo ndiye mwenyewe. Safi kabisa, hakuna herufi za kukosea!

Na hapo ndipo mama yangu alipoingia matatani.

MISTARI ILIYORUKA

Kijana wa pale ofisini alinifungulia ramani kwenye kompyuta. Chini kuna picha ya satelaiti, mabati ya Bombambili yanaonekana moja moja, hadi mkorosho wa kwa jirani. Juu yake kuna mistari mekundu ya viwanja. Kwa mbali inapendeza. Nikamwambia, kijana wangu, hebu sogeza karibu hapa kwa mama. Akasogeza. Mstari wa mpaka ulikuwa unapita katikati ya sebule.

Nikamuuliza mistari hii mliipataje. Akasema kaikuta, aliyekuwepo kabla yake ndiye aliyeiingiza kutoka ramani za zamani, na ilipoingia mara ya kwanza "ilikuwa mbali kabisa, iko juu kule kwenye mashamba, ikabidi ivutwe." Ikabidi ivutwe! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nieleze. Koodineti haina maana mpaka ujue imepimwa kutoka wapi. Ramani zetu za zamani Tanzania, kama za Kenya na Uganda, zilitumia msingi unaoitwa Arc 1960. Jina hilo linatokana na ule mnyororo mrefu wa upimaji uliofuata longitudo ya 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukipita magharibi mwa nchi yetu. Ulikuwa upimaji wa pembetatu, kutoka kilima hadi kilima, na umbo la dunia waliloshika kwenye hesabu lilikuwa lile la Clarke la mwaka 1880. GPS iliyomo kwenye simu yako haijui habari hiyo. Yenyewe inatumia WGS84, ambayo ina umbo lingine la dunia na kitovu kingine. Jiwe lilelile, lililokaa palepale tangu 1988, lina namba hizi kwa Arc 1960 na namba zile kwa WGS84. Zote sahihi.

Kwa huku kwetu Songea tofauti ya namba hizo ni kama mita 300 kwa kaskazini-kusini na mita 80 na kitu kwa mashariki-magharibi. Kwa hiyo ukichukua orodha ya zamani ukaiambia kompyuta "hii ni WGS84", mtaa mzima unaruka mita 300 kwenda kaskazini na unasogea na magharibi kidogo. Kompyuta haitapiga kelele. Itachora mistari mizuri tu, mahali pasipo penyewe.

Dawa yake ipo na si ngumu. Programu yoyote ya ramani, hata zile za bure, ina mahali pa kuiambia kuwa data hizi ni Arc 1960, zigeuze kwenda WGS84. Ni kubofya mara chache kama unajua unachotafuta. Jamaa aliyetangulia hakujua, au alikuwa anakimbizwa na tarehe ya ripoti, akashika mistari yote kwa mausi akaivuta kwa jicho mpaka barabara ya kwenye mchoro ikafanana na barabara ya kwenye picha. Kusini alivuta sawasawa. Mashariki alichoka mapema. Zikabaki kama mita 15.

Mtu atasema mita 15 ni kitu gani. Viwanja vya mtaa ule upana wake ni mita 20. Nyumba ya mama iko katikati ya kiwanja chake, yaani mita 10 kutoka mpaka wa magharibi. Mistari ikikosea mita 15 kwenda magharibi, ni sawa na nyumba yake kuhamia mita 15 mashariki. Kumi na kumi na tano ni ishirini na tano. Nyumba imeshavuka mpaka, iko kwa jirani! Nukta iliyobonyezwa na vijana wa simu mlangoni kwake ikahesabiwa ndani ya kiwanja cha jirani, kompyuta ikachukua jina na namba ya simu ya mama ikaibandika kwenye kile kiwanja. Na kiwanja kile ni cha biashara na makazi, kina fremu za maduka, na mwenyewe hajalipa miaka tisa.

Mnaona ilivyo? Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeghushi. Kila mtu alifanya kazi yake nusu.

Kuna kosa jingine la jamii hii ambalo nalisema kwa sababu sisi wa Ruvuma linatuhusu kuliko wengi. Namba za ramani zimegawanywa kwa zoni za nyuzi sita sita. Songea mjini tuko zoni ya 36. Lakini mstari wa nyuzi 36 Mashariki unapita kati yetu na Namtumbo, kwa hiyo Namtumbo na Tunduru wako zoni ya 37, sawa na Dar es Salaam. Fundi aliyezoea kazi za Dar akija na mazoea yake, akaingiza koodineti za Songea kama za zoni ya 37, mji wetu wote unahama zaidi ya kilomita 600 kwenda mashariki. Unaangukia Bahari ya Hindi, mbele ya pwani ya Msumbiji. Kosa hilo angalau linajionyesha lenyewe. Mwenye karatasi ya upimaji ya Songea mjini anaweza kujikagua: namba ya kaskazini ina tarakimu saba na inaanza na 88, ya mashariki ina tarakimu sita na inaanza na 78 au 79. Ukiona vinginevyo, uliza.

Mimi naogopa zaidi kosa dogo. Kilomita 600 kila mtu anaziona. Mita 15 zinakaa kimya ndani ya mfumo mpaka zimfikie mjane saa kumi na mbili asubuhi.

WENGINE WAMEFANYAJE

Rwanda walianza upya kabisa. Kati ya 2009 na 2013 walipita nchi nzima, wakachapisha picha za anga, wakakaa na wananchi kijijini, kila mtu anaonyesha mpaka wake mbele ya majirani na kalamu inauchora juu ya picha. Vipande zaidi ya milioni 10. Kila kipande kikapewa namba yake ya pekee iliyojengwa kwa ngazi za utawala, mkoa, wilaya, sekta, seli, halafu namba ya kipande. Namba hiyo hiyo iko kwenye ramani na iko kwenye daftari. Usahihi wa mipaka si wa sentimita, lakini ramani na jina vilizaliwa siku moja, kwa hiyo vinajuana.

Kenya wao walikuwa kama sisi, na urithi wa sheria nyingi na namba nyingi. Walipozindua Ardhisasa kwa kuanzia Nairobi, Aprili 2021, ilibidi namba za zamani zibadilishwe kwenda mpya, na mawakili na wenye mali wakapata kazi ya kuhakiki namba hizo. Kulikuwa na kelele nyingi, na nyingine za haki.

Kwetu kuna mfumo unganishi wa taarifa za ardhi, ILMIS, ulioanza kutumika Dar es Salaam, na Machi 2025 Rais alizindua e-Ardhi pale Dodoma pamoja na toleo jipya la sera ya ardhi. Mimi ni katika wanaoshangilia. Ila mfumo ni sufuria. Ukitia mchele wenye mawe, utapakua wali wenye mawe, hata kama sufuria ni ya bei gani.

Na orodha zinazidi kuongezeka. Kuanzia Februari 2022, kabla ya sensa ya Agosti mwaka ule, tulipata operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa ikapewa majina. Jambo zuri, ila anwani ni nukta ya mlango, inasema unapatikana wapi, haisemi ardhi ni ya nani. Nimeshaona watu wanapiga picha kibao cha namba ya nyumba wakidhani ni ushahidi wa umiliki. Sio. Halafu kuna kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023. Pale daftari linalotumika ni la mita za umeme. Nyumba yenye mita mbili ikajikuta inakatwa mara mbili mpaka mwenyewe aende kurekebisha, na mpangaji akinunua umeme anakatwa kodi ya mwenye nyumba. Kwa hiyo nyumba moja ya Bombambili ina namba ya kiwanja, namba ya hati, namba ya anwani, namba ya mita, na mwenyewe ana namba ya NIDA. Namba tano, na hakuna hata moja inayomjua mwenzake kwa uhakika.

Kama ningeulizwa (sijaulizwa) ningesema mambo machache tu. Kipande kiwe na namba moja isiyobadilika, itumike kila daftari. Ramani iguswe na wapimaji peke yao, na majina yaguswe na msajili peke yake, na kila badiliko liache alama: nani, lini, kwa karatasi gani. Pande mbili zisipopatana, mfumo usichague mshindi, uweke kiwanja hicho pembeni mtu akakiangalie kwa miguu. Na kabla ya kumtumia mtu yeyote ujumbe wa deni, ramani na majina vibandikwe ofisi ya mtaa wiki mbili. Kwenye urasimishaji tumezoea kubandika hivyo. Watu wa mtaa wanajua nyumba ya nani iko wapi kuliko satelaiti yoyote.

TULIVYOTAFUTA JIWE

Siku ya tatu niliazima kipokezi cha maana kutoka kwa rafiki, si hiki cha simu ambacho kinaweza kukosea mita tano au kumi. Tukaenda na mama na mjukuu wake na jembe. Jiwe la kona ya kaskazini lilikuwa chini ya migomba, limefukiwa na taka za miaka mingi. La pili tulilikuta kwenye ua, mtu kaligeuza kuwa la kuanikia sufuria lakini halijang'oka. Nikapima yote mawili, nikalinganisha na orodha ya kwenye ramani ya upimaji. Yote yalitofautiana na orodha kwa kiasi kilekile na upande uleule, mita 300 na 80 na kitu. Hiyo ndiyo ishara. Mawe mawili yakikosea sawasawa, mawe hayajahama, ni lugha tu iliyotofautiana. Na katika kazi yetu jiwe ambalo halijaguswa ndilo linalosema mwisho, karatasi inafuata.

Niliandika yote kwenye kurasa mbili, mama akaweka dole gumba, tukaambatanisha hati, barua ya mirathi na risiti. Kijana alisoma mbele yetu, akafungua orodha ya zamani, akaigeuza kwa njia sahihi nikiwa nimesimama nyuma yake. Mistari ikatua. Mpaka wa mama ukatoka sebuleni ukaenda kukaa kwenye ua wake. Mama aliangalia ile skrini muda mrefu, akasema, "Kumbe baba yao alipanda vizuri."

Deni limesimamishwa kwa maandishi. Kuhamisha mistari ya kitalu chote, kijana hana mamlaka hayo, limepelekwa juu na tunasubiri.

Maana si mama tu. Mwenye fremu za maduka yeye alipata bili ndogo ya makazi ya kiwanja kinachofuata, akaona Mungu mkubwa, akalipa kimya. Na yule mzee wa mwisho kabisa, anayepakana na barabara, hajawahi kupata ujumbe wowote. Nilipomweleza kuwa kwenye kompyuta nyumba yake imeangukia barabarani alicheka sana. "Basi niacheni hapo hapo, barabara hailipi kodi." Nikamkumbusha nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara huwa zinaandikwa nini ukutani kwa rangi nyekundu. Akaacha kucheka, akaingia ndani kutafuta hati yake.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunapita mstari mzima kutafuta mawe, tumeshamwambia mtendaji wa mtaa. Majirani mliopo kwenye kitalu hicho mje na nakala ya hati au barua ya toleo, na jembe kwa mwenye nalo. Na wadau wa Mfaranyaki, Lizaboni na Msamala, kama mmepata ujumbe wa deni msilolielewa, msilipe kwa woga na msinyamaze. Andikeni hapa chini ukubwa wa kiwanja uliomo kwenye hati na ule uliotajwa kwenye bili. Visipofanana, hapo pana kazi.